Upande wa Pili wa Santuri: Mbaraka Mwinshehe na Uhakiki wa Nyimbo za Jazi

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki dunia mjini Mombasa mwezi wa Januari 1979, kutokana na ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo wa bendi ya Super Volcano, na kabla ya hapo nguzo ya Morogoro Jazz. Katika mwaka huohuo M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa kitabu chao Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kilichoshikilia kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Matukio haya mawili ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza huwekwa katika historia ya muziki, la pili katika historia ya fasihi, na kila moja lina wataalamu wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo umetupotezea kitu.

Tumezoea, katika idara zetu za fasihi, kumkabili mtunzi wa nyimbo za jazi kwa njia moja. Mwanafunzi husikiliza wimbo, huyanukuu maneno yake, huyapanga katika mistari, kisha huyatafutia dhamira, taswira na tamathali. Asipokuta vina huandika kwamba fani ni dhaifu. Akikuta neno moja limerudiwa mara kumi na mbili huandika kwamba mtunzi ametumia takriri ili kusisitiza ujumbe, na hapo kazi huisha. Dai letu ni kwamba mwanafunzi huyo amesoma nusu ya utungo, na kwamba nusu aliyoiacha si pambo. Santuri ndogo za zama zile zilikuwa na pande mbili, na mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa humo: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Maneno mengi yalikuwa katika sehemu ya kwanza. Uhakiki wetu umesikiliza upande mmoja na kuutolea hukumu utungo mzima.

Mwandishi wa makala haya alilelewa Changamwe, katika nyumba iliyopakana na ya mzee mmoja mfanyakazi wa bandarini aliyekuwa na gramafoni. Jambo moja nalikumbuka vizuri. Upande wa kwanza ulipokuwa ukicheza watu walikaa. Walisikiliza, walibishana juu ya nani aliyekusudiwa na maneno yale, na akina mama waliokuwa uani walitia lao. Santuri ilipogeuzwa ndipo watu waliposimama. Hakuna aliyeuchukua upande wa pili kuwa masalio ya wa kwanza. Ukimwuliza mzee yule wimbo huo unasema nini, angekueleza maneno kidogo, kisha angeanza kuuimba mpigo wa gitaa kwa mdomo. Wakati huo niliona ni kituko. Leo naona alikuwa akinijibu swali sawasawa.

Hatuna budi kwanza kuliweka wazi neno jazi lenyewe, maana linaweza kumpotosha msomaji anayefikiria New Orleans. Katika Kiswahili neno hili lilikuwa jina la bendi ya dansi yenye ala za kigeni, na lilikuwapo mapema: Dar es Salaam Jazz hutajwa kuwa iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944, mwaka ambao Mbaraka mwenyewe alizaliwa. Bendi hizi zilipokea rumba na cha-cha-cha kutoka Cuba kwa njia ya santuri, zikapokea gitaa la Kikongo, zikavichanganya vyote na ngoma za nyumbani. Kila bendi ilijitafutia mtindo wenye jina lake. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na Mlimani Park baadaye wakawa na Sikinde, jina lililotoka katika ngoma ya Wazaramo. Hivyo jazi haikuwa aina ya muziki kwa maana ya kitaaluma. Ilikuwa mahali pa kukutana.

Watu wa Mombasa tunapenda kusema kwamba jambo hili lilitoka Tanganyika na kutufikia likiwa limekwisha kupikwa. Si kweli kabisa. Beni, ngoma ya mashindano iliyoiga bendi za kijeshi, ilishika mizizi katika miji yetu ya pwani kabla haijaenea bara. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi zikishindana barabarani kwa mavazi, kwa vyeo vya kujipa na kwa ala za kupuliza. Na wanahistoria wa beni, wakizitafuta asili zake, huvuka maji hadi Kisauni, kwenye makazi ya watumwa walioachiwa huru pale Freretown, ambako wamisheni waliwafundisha vijana kupuliza tarumbeta. Kwa maneno mengine, pumzi iliyokuja kuingia katika saksafoni za bendi za jazi ilikuwa imekwisha kufunzwa upande wa bara wa Mombasa, na watu ambao lugha ya mji iliwahesabu kuwa wa kuja. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu na tutalirejea.

Saksafoni wanadansi waliiita mdomo wa bata. Jina hili lina dhihaka, lakini pia lina nadharia ndani yake: ala imepewa mdomo, na chenye mdomo husema. Katika mpangilio wa kawaida wa nyimbo hizi ala za kupuliza huingia pale mwimbaji anapomaliza ubeti, nazo hufanya kazi ambayo katika utenzi au shairi la kuimbwa ingefanywa na waitikiaji. Gitaa la solo hufanya kazi iyo hiyo kwa namna yake. Michael Enoch ni mfano mzuri: alipata jina kwa gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz, na baadaye katika Mlimani Park akashika saksafoni. Anayetazama ala kwa macho ataona amebadilisha kazi. Anayesikiliza nafasi ya ala ndani ya utungo ataona amebaki palepale, mahali pa yule anayejibu. Mbaraka hakuwa mpiga saksafoni, lakini gitaa lake lilikalia nafasi hiyohiyo, tena kwa upekee mmoja usio mdogo: mtunzi wa maneno, mwenye kuyaimba na mwenye kuyajibu kwa nyuzi alikuwa mtu mmoja.

Upekee huo ndio unaomtenga na washairi tuliozoea kuwahakiki hapa Mombasa. Chukua mfano wa Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita (1971), na binamu yake Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 2014. Shairi lilitungwa kwanza, likakamilika kama shairi, kisha mwimbaji akalitia sauti. Linaweza kurudi kitabuni bila kupungukiwa na kitu cha msingi, kwa sababu vina na mizani zake zilikuwamo kabla udi haujapigwa. Msomaji anayekaa peke yake na diwani hasomi mabaki ya tukio. Anasoma kitu kizima. Ni haki kabisa kwamba kipimo cha Shihabuddin Chiraghdin, mhariri na mtetezi wa mkondo huu, kilijengwa juu ya ukurasa na juu ya sikio lililofunzwa mizani.

Kosa limetokea pale kipimo hichohicho kilipovushwa kwenda kupimia utungo ambao haukuumbwa hivyo. Maneno ya Mbaraka, ukiyatoa ndani ya santuri na kuyaweka kwenye karatasi, yanaonekana mepesi. Mistari haitoshani urefu. Msamiati ni wa barabarani, hauhitaji sherehe mwishoni mwa kitabu. Neno shida, ambalo ndilo anwani ya wimbo wake unaotajwa kuliko mwingine wowote, ni neno analolijua mtoto wa miaka minne. Mhakiki wa mkondo wa Mvita husoma na kufunga daftari: haya ni mazungumzo, si ushairi. Mhakiki wa mkondo wa Malenga wa Bara (1976), ambaye tungemtarajia awe rafiki, hufanya kosa la upande wa pili. Yeye huyakaribisha maneno haya kwa moyo mkunjufu, huyaita mashairi huru, na kuyasifu kwa kuwa ya umma. Lakini naye ameyatoa katika santuri. Ugomvi mkubwa wa miaka ya 70 kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, ugomvi ambao vizazi vya wanafunzi vimefanyia mitihani, ulikuwa tangu mwanzo ugomvi juu ya karatasi. Kambi zote mbili zilikubaliana kwamba utungo ni kile kinachoweza kuandikwa.

Tuutazame wimbo mmoja kwa karibu zaidi, nao ni Jogoo la Shamba. Anwani imekata methali katikati. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kinachofuata, kwamba jogoo huyo haliwiki mjini, na kwa kuwa anajua, hukimalizia mwenyewe kimoyomoyo. Mtunzi amemshirikisha msikilizaji kabla ya noti ya kwanza kupigwa. Zingatia pia sarufi ya methali hii, ambayo walimu wetu huipita haraka: si jogoo wa shamba, ni jogoo la shamba, si hawiki, ni haliwiki. Ndege amenyang'anywa upatanisho wa viumbe hai na kupewa ule wa vitu, au wa majitu. Dharau imo ndani ya kiambishi. Mtu wa mashamba akija mjini hupoteza kwanza sauti, na kabla ya sauti amekwisha kupoteza ngeli.

Sasa methali hii inaimbwa na nani? Inaimbwa na mtu aliyejijengea jina Morogoro, si Dar es Salaam, akiwa na bendi ya mji wa mkonge na reli. Mji huo ulikuwa umekwisha kumtoa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki naye kwa ajali ya barabarani mwaka 1965, na ushindani wa bendi hizo mbili uliufanya Morogoro kuwa mahali ambapo mji mkuu ulipaswa kupategea sikio. Ukiyachukua maneno peke yake, utaweza kubishana hadi usiku kama msemaji anaikubali methali au anaikataa. Lakini katika utungo mzima swali hilo halijibiwi kwa maneno. Methali inasema jogoo haliwiki; kisha maneno yanapisha na gitaa linachukua nafasi, na halinyamazi. Kuwika kwenyewe kunatendeka mbele yetu. Jibu kwa methali inayohusu sauti limetolewa kwa sauti, na lingetolewa kwa hoja lingekuwa dhaifu zaidi. Sijui mfano bora wa tashtiti katika nyimbo za zama zile, na bado ni mfano usioweza kunukuliwa kwa kalamu.

Wanamuziki wenyewe wana istilahi ya sehemu hiyo. Wanaiita chemko, yaani pale wimbo uliokuwa ukienda taratibu unapochemka. Ala hushika mzunguko mfupi na kuurudia, mwimbaji hubaki na vijisehemu vya maneno, majina ya wapigaji huitwa, jina la mtindo hutangazwa. Mhakiki wa maandishi hana la kufanya na majina haya. Huyaruka au huyaweka katika mabano. Hata hivyo, ndipo mahali ambapo mtunzi hutaja jamaa yake ya kazi, kama vile mtunzi wa utenzi anavyotaja jina lake, nasaba yake na tarehe katika beti za mwisho. Hatujawahi kuziita beti hizo za utenzi masalio. Tunazitumia kumtambua mtunzi na kuweka kazi yake katika wakati, na tunamkaripia mwanafunzi anayeziacha.

Kuhusu majina ya mitindo, litoshe moja. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walisafiri kwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo 70, na jina la maonyesho likawa jina la mtindo. Kuna wanaocheka. Lakini kulitwaa jina la tukio la dunia na kulifanya jina la hatua za miguu za Morogoro ni utungaji, tena wa aina ambayo beni waliifahamu walipojipa vyeo vya majeshi ya wazungu.

Ni wajibu wetu, hata hivyo, kuonyesha mahali hoja hii inapoelekea kuvunjika. Tarehe 25 Disemba 1971 Dakta Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa na mtekelezaji mkali wa siasa ya Ujamaa, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Mbaraka na Morogoro Jazz walitoa wimbo wa maombolezo, Dr. Kleruu. Mkulima yule na mkuu yule wamegawanya maoni ya Watanzania mpaka leo, na wimbo uko upande wa marehemu, kama ilivyotarajiwa kwa bendi ya wakati ule. Kuna kishawishi kikubwa hapa cha kutumia upande wa pili wa santuri kama mlango wa nyuma: kusema kwamba maneno yanaiombolezea serikali lakini gitaa linamlilia mkulima. Nimesikia hoja hiyo ikitolewa katika semina, ikapigiwa makofi. Mimi siikubali. Gitaa linaweza kutenda kile ambacho maneno yamekianzisha, kama tulivyoona kwa jogoo. Haliwezi kubebeshwa msimamo ambao hakuna chochote katika utungo kinachouelekezea. Tukiruhusu hivyo tutakuwa tumetoka kwenye kosa la kutosikiliza na kuingia kwenye kosa la kusikia tunachokitaka. Katika Dr. Kleruu ala zinaomboleza pamoja na maneno, nasi tuuchukue utungo ulivyo, pamoja na upande uliouchagua. Mtunzi mkubwa hahitaji kusafishwa na mhakiki.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Wasifu wake kuanzia hapo unahama zaidi kuelekea Kenya, na sababu mojawapo ni ya kiwanda. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na redio ya taifa, lakini santuri za biashara zilitengenezwa Nairobi. Mtunzi aliyetaka utungo wake uishi katika umbo tunalolijadili, yaani sahani yenye pande mbili mkononi mwa mnunuzi, ilimpasa kuvuka mpaka. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari 1977 mpaka kati ya nchi hizi mbili ukafungwa. Haukufunguliwa rasmi mpaka Novemba 1983. Mbaraka alifia Mombasa katikati ya kipindi hicho. Barabara itokayo Likoni kwenda Tanga, ambayo kwa mpenzi wa muziki ilikuwa barabara ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ilikuwa imezibwa pale Lunga Lunga, na huku upande wetu mtunzi wa Morogoro alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa na santuri zake majumbani.

Watu hao walikuwa akina nani? Hapa ndipo nilipoahidi kurejea. Kisiwa cha Mombasa kilikuwa na washairi wake na kipimo chake. Ng'ambo ya kisiwa, Changamwe iliyokua kwa reli na kwa kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963, Likoni ya wavukao kwa feri, na Kisauni iliyounganishwa kwa daraja la kuelea mpaka daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, kulijaa watu ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazini, ya ndoa na ya ugomvi, lakini ambao hakuna aliyewaita Waswahili. Mzee jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mbali na bahari, na shairi la Mvita lilimpita kimo, alisema mwenyewe bila kuona haya. Kwake Kiswahili kilichotungwa kwa ustadi kilikuwa kile cha Mbaraka: maneno aliyokuwa nayo tayari, yakifanyiwa jambo ambalo yeye hakuweza kuyafanyia. Tunapoandika kwamba msamiati wa nyimbo hizi ni wa kawaida, tunasahau kwamba kawaida hiyo ilikuwa ya watu fulani, na kwamba mtunzi aliichagua akijua wasikilizaji wake wapo kuanzia Iringa mpaka Changamwe. Wala sidai kwamba ustadi huu ni sawa na ule wa Ahmad Nassir. Nadai kwamba hatujaupima, kwa sababu tumeupimia mahali ambapo haupo.

Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ilitoa nchini Kenya mfululizo wa santuri kubwa zenye jina Ukumbusho, na kizazi changu kilimjua zaidi kwa hizo. Siku hizi nyimbo zilezile hupatikana kwenye intaneti, na mara nyingi sehemu zile mbili zimeunganishwa kuwa moja, hivi kwamba mwanafunzi wa leo hajui kwamba hapo katikati palikuwa na mkono wa mtu ukinyanyua sindano na kugeuza sahani. Faida ni kwamba hawezi tena kuacha kusikia sehemu ya pili. Hasara ni kwamba haoni mpaka ambao mtunzi aliutungia.

Bado kuna tatizo la vitendo, nalo ni namna ya kuiandika chemko. Mwanafunzi wangu mmoja aliamua kujaribu. Katika tasnifu yake aliyanukuu maneno ya nyimbo sita katika safu ya kushoto, na katika safu ya kulia akaandika kinachofanywa na ala, kwa Kiswahili cha kawaida: gitaa linarudia mstari wa mwisho, gitaa linauacha mstari, mdomo wa bata unakatiza, mwimbaji anaita jina, gitaa peke yake. Katika kurasa za mwanzo safu ya kushoto imejaa. Kadiri wimbo unavyoendelea inapungua, mpaka kuna kurasa mbili nzima ambazo kushoto ni peupe. Mtahini mmoja aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya weupe huo: "Shairi liko wapi?" Tulikaa na kurasa hizo mbili mezani kwa saa nzima, tukicheza wimbo na kufuatisha kwa kidole safu ya kulia, mstari kwa mstari, hadi sindano ilipofika mwisho.